Miiko ya Kuchonga Mwiko

Kabla hujanunua kisu wala kutafuta mti, ingia jikoni uchukue mwiko mkongwe kuliko yote nyumbani. Uinue penye mwanga, uitazame ncha yake. Utaona pembe moja imelika kuliko ya pili, kana kwamba mtu aliipitishia tupa. Kwa msongaji ugali wa mkono wa kulia, ulalo huo uko upande mmoja; kwa wa mkono wa kushoto, unageuka. Aliyeuchonga aliuacha sawa pande zote. Sufuria na mkono wa mpishi ndivyo vilivyoendelea na kazi pale fundi alipoachia.

Mimi nilichelewa kuliona hilo. Nilipoanza kuchonga hapa Kitengela, nilidhani kazi yote ni ya kisu. Jirani alikuwa amepogoa jakaranda iliyoegemea ukuta wake; nikaomba tawi, nikashinda nalo Jumamosi nzima, na jioni nikauweka mwiko wangu juu ya mabati ukauke. Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaukuta umepasuka kutoka ncha hadi shingo. Nikaupeleka kwa mzee mmoja Mkamba aliyekuwa akitia mipini ya majembe kando ya barabara ya Namanga. Akaugeuza mara mbili, akanirudishia.

"Kijana wangu," akasema, "mwiko hauanikwi kama omena."

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: mwiko wa kusongea ugali, na mwiko wa jambo lisilofanywa. Anayejifunza kuchonga hukutana na vyote viwili kila siku. Haya yafuatayo ni miiko ambayo mingi niliivunja mwenyewe, nikalipa kwa mbao na kwa vidole.

Anza na mwiko bapa

Miongozo mingi ya kuchonga inayotoka nje humwanzisha mwanafunzi na kijiko cha kuchotea mchuzi. Sweden, ambako kazi za mikono zimefundishwa shuleni tangu karne ya 19, mchongaji wa vijiko kwa kawaida huwa na visu viwili: kimoja kilichonyooka, na kingine kilichopinda kama ndoana cha kuchimbia bakuli la kijiko. Hicho cha pili ni adimu katika maduka yetu, na ndicho kinachomsumbua anayeanza, kwa maana kukinoa ni kazi na kukiongoza ni kazi nyingine.

Jiko letu lina njia rahisi. Mwiko wa ugali ni bapa. Hauna shimo la kuchimba, hauna tumbo wala mgongo. Ukiwa na panga na kisu kimoja unaweza kuukamilisha, na bado utakufundisha kila kitu cha msingi: kusoma nyuzi za mti, kupunguza bila kuvunja, kukausha bila kupasua. Watu wa pwani nao waliukwepa ugumu wa bakuli zamani sana. Upawa wao ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Mnazi umekwisha kuchimba shimo, binadamu anaongeza mkono tu. Ukishachonga miiko mitano, chonga mpini wa upawa. Kijiko chenye bakuli kisubiri.

Mti gani?

Kaunti ya Kajiado, ambamo ndimo ilimo Kitengela, si nchi moja. Ngong na Loitokitok kuna baridi, mashamba na miti ya matunda. Kitengela, Isinya na Bissil ni tambarare kavu, udongo mweusi na migunga. Wa Ngong atapata parachichi na mpera karibu na nyumba. Wa Kitengela atategemea zaidi matawi yanayopogolewa kwenye viwanja vya makazi, ambako watu hupanda jakaranda na mukima, ule mti unaoitwa pia grevilea.

Kwa mkono wa kwanza, jakaranda ni mwalimu mpole. Ni laini, nyuzi zake hukatika vizuri ukiwa mbichi, na wachongaji wa Kenya huutumia sana. Parachichi nalo ni laini. Mpera na mchungwa ni migumu zaidi lakini nyuzi zake zimebanana, na mwiko wake hung'aa na kudumu. Iweke kwa mwiko wa tatu au wa nne. Mwembe hufaa, ila utomvu wake na vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na ndivyo ilivyo kwa mukima. Ukiona vipele, acha mti huo, usishindane nao.

Migunga na oloirien, yaani mzeituni mwitu, itakutamanisha kwa macho. Wamaasai huchukua kijiti cha oloirien kilichoshika moto wakasafishia kibuyu cha maziwa, na maziwa yakapata harufu ile ya moshi. Ni mti mgumu, mzito, mzuri kwa rungu. Kwa anayeanza ni njia ya kuvunja kisu na moyo.

Historia ya uchongaji wetu ina somo hapa. Wakamba husimulia kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, huko Machakos, aliuona uchongaji wa sanamu Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani, na kijiji kizima kikawa cha wachongaji. Ufundi ukasambaa hadi Changamwe, Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilianzishwa mwaka 1963. Kazi ilipopata soko, mpingo na muhugu vikapungua porini, na wachongaji wakahimizwa kugeukia miti inayokua haraka na inayopandwa: mwembe, jakaranda, mukima, mwarobaini. Waliokuwa na ujuzi wa miaka mingi walishuka hadi kwenye mti wa uani. Wewe unayeanza huna sababu ya kukata mti wa porini kwa ajili ya mwiko. (Mwarobaini mimi siutii chakulani, uchungu wake nauachia dawa.)

Kisha kuna miti ambayo ni mwiko kabisa. Msunguti, ambao Wamaasai huuita olmorijoi, unamea katika nchi hii kavu, na ndio uliopikwa sumu ya mishale. Oleanda, ua la waridi au jeupe linalopandwa kando ya malango ya nyumba nyingi za mijini, lina sumu ya moyo katika kila sehemu yake, hata kijiti cha kukorogea. Mnyaa wa uzio hutoa maziwa yanayoweza kumpofusha mtu. Na msandali, unaoibwa kwa ajili ya mafuta yake, ulipigwa marufuku kuvunwa kwa amri ya rais mwaka 2007. Kanuni yangu ni fupi: kama huwezi kuutaja mti kwa jina, usiutie kwenye sufuria.

Palati za viwandani, ambazo hapa karibu na Athi River hazikosekani, nazo zina lugha yake. Tafuta mhuri uliochomwa kwenye ubao. Herufi HT zina maana kwamba ubao ulitibiwa kwa joto. MB zina maana kwamba ulifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya kuua wadudu. Wa MB usiuguse kwa chombo cha chakula. Hata wa HT, huwezi kujua ulimwagikiwa nini njiani. Palati mimi huzitengenezea rafu.

Vifaa vichache, vikali

Unahitaji panga au shoka dogo, msumeno, kisu kifupi chenye mpini mnene, penseli, na gogo la kukatia lenye kimo cha goti. Kisu kiwe na ubapa wa chuma usiozidi kidole chako kwa urefu. Kirefu zaidi huchoma usichokiona. Mafundi wa jua kali hufua visu vizuri kutokana na springi kuukuu za magari. Mwambie fundi unachotaka kufanyia, naye atajua unene.

Kisu butu ndicho hatari, kwa sababu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu ikiponyoka haina breki. Huna jiwe zuri la kunolea? Nunua msasa wa maji, namba 400 na namba 1000, uubandike juu ya kipande cha kioo bapa. Lowesha, laza kisu hadi mteremko wote wa makali uguse msasa, kisha kivute kurudi nyuma, makali yakifuata. Rudia hadi uhisi kwa kidole kijinyuzi cha chuma upande wa pili, geuza, ukiondoe. Malizia kwa kukipitisha mara ishirini juu ya mkanda wa ngozi. Kisu kilicho tayari hukata karatasi iliyoshikwa hewani bila kuirarua.

Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkono. Walikuwa wakizungumzia moto: mwenye mwiko haungui. Mimi huisoma methali hiyo upande wa kisu pia. Kabla ya kila mkato, jiulize: kisu kikiponyoka, kitaishia wapi? Kama jibu ni kiganja au paja, badilisha mkao. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu. Usichonge kamwe kati ya magoti yako. Keti, egemeza viwiko kwenye mapaja, kazi yote ifanyike mbele ya magoti. Ukijikata, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono, usikifunue kila dakika kuchungulia. Na kama ni kirefu, nenda hospitali ushonwe na uulizie sindano ya pepopunda.

Kutoka tawi hadi umbo

Samaki mkunje angali mbichi. Mti uliokatwa leo au wiki hii hukatika kama kiazi. Ule uliokaa mwaka mmoja kwenye jua la Isinya utakutoa malengelenge. Chagua tawi lililonyooka, lisilo na vifundo, unene wake sentimita 10 hadi 12. Kata urefu wa sentimita 45 ingawa mwiko wako utakuwa wa 35: ncha zote mbili zitaanza kupasuka, nawe utazikata mwisho. Kama huanzi siku hiyohiyo, paka ncha hizo gundi ya mbao au rangi, ulitie tawi ndani ya mfuko wa plastiki kivulini.

Sasa lipasue katikati. Simamisha tawi kwenye gogo, weka panga juu ya kiini, piga mgongo wa panga kwa kigongo cha mti. Usitumie nyundo ya chuma. Mti hupasuka kufuata nyuzi zake, na hiyo ndiyo faida: msumeno ungezikata, mpasuko huzifuata. Utaona kiini, ile duara ndogo ya katikati. Kiondoe chote. Mti unapokauka hujikunja zaidi kuzunguka pete zake kuliko kuelekea kiini, na mwiko uliobaki na kiini hauna pa kujikunjia ila kupasuka. Mwiko wangu wa mabati ulikuwa nacho katikati kabisa. Jua lilimaliza tu kosa nililolianza mimi.

Chonga nusu moja hadi iwe ubao wa unene wa sentimita tatu. Laza juu yake mwiko wako wa jikoni, uufuatishe kwa penseli, na uchore mstari wa katikati kutoka ncha hadi mwisho wa mpini. Mstari huo usiufute hadi mwisho. Ndio utakaokuonyesha umeelemea upande gani.

Kwa msumeno, kata mistari miwili pale shingoni, mmoja kila upande, ikikaribia mchoro bila kuugusa. Mikato hiyo itazuia mpasuko usikimbilie mahali usipotaka. Kisha kwa panga au shoka punguza pembeni, vipande vidogovidogo. Mkono unaoshika mti ukae juu, panga lipige chini. Bandu bandu huisha gogo, nalo gogo halirudi: ulichokiondoa hakibandikwi.

Kanuni moja ya kisu ina thamani kuliko nyingine zote: kata kutoka penye upana kwenda penye wembamba. Ukitoka kwenye bapa kuelekea shingo, nyuzi hulala chini ya kisu. Ukitoka shingoni kupanda kwenye bapa, kisu hujichimbia ndani na mti hung'oka vipande. Shingoni, basi, utakutana na njia panda: kata kutoka juu hadi katikati ya bonde, kisha geuza mwiko, ukate kutoka mpini hadi palepale. Kisu kikianza kukwaruza na kuinua nyuzi, mti unakwambia umekosea njia. Geuza, usilazimishe.

Jifunze mikato miwili tu kwa mwezi wa kwanza. Wa kwanza: kisu kimetulia katika mkono wa kulia, kidole gumba cha mkono wa kushoto kinasukuma mgongo wa kisu, polepole, kipande kifupi. Wa pili: vuta kisu kukuelekea kama unavyomenya kiazi, kidole gumba kikiwa kimeegemea mti chini ya njia ya kisu, si mbele yake. Mikato yote miwili ni mifupi. Mkato mrefu wa madaha ni wa kupigiwa picha.

Mpini uanze na pembe nne, zifanye nane, kisha zungusha. Uishie na unene wa sentimita mbili hivi. Mpini mwembamba huchosha vidole sima inapoanza kukaza. Bapa liwe na unene wa milimita nane katikati na nne pembeni. Hapa ndipo wengi tunapozidisha. Mwiko wa ugali ni wenzo: unasukuma unga mzito wa nyumba nzima. Mwembamba sana utapendeza ukutani na kuvunjika kwenye sufuria.

Kukausha katika nchi ya upepo

Hapa ndipo Kitengela inapojitofautisha na vitabu. Waandishi wa nchi za baridi husema acha kijiko dirishani siku mbili tatu. Upepo wa tambarare za Kaputiei, Januari na Februari, hukausha nguo kwa saa moja. Mwiko mbichi dirishani humo hauna siku mbili. Ngozi ya nje hukauka na kujikunja wakati ndani bado kuna maji, na kitu kinachobana kitu kisichobanika lazima kipasuke.

Chukua mabandu na vinyuzi ulivyochonga, uvitie kwenye gunia au mfuko wa karatasi, uuzike mwiko humo. Weka chini ya kitanda, mbali na jiko na dirisha. Kila baada ya siku mbili, toa, koroga mabandu, rudisha. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, adui hugeuka: si ufa tena bali ukungu. Uonapo madoa ya kijani, utoe mwiko nje ya mfuko usiku, uurudishe mchana.

Utajuaje umekauka? Upime. Mwenye duka jirani ana mizani. Mwombe akupimie leo na baada ya siku nne, uandike gramu kwa penseli kwenye mpini. Uzito ukikoma kushuka, maji yametoka. Kwangu huchukua wiki mbili hadi tatu. Ufa mdogo ukitokea kwenye ncha ile ya ziada, ndiyo kazi yake, sasa ikate.

Ngozi ya mwisho

Noa kisu upya kabla ya kugusa mti mkavu. Pitisha mikato myembamba kama ganda la kitunguu, uondoe uvimbe na kasoro. Wengine hukwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, ufundi wa zamani wa maseremala, na Kitengela haikosi kioo: karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze ukingoni mwa mbuga ya Nairobi imelifanya jina la Kitengela lijulikane kwa vioo vilivyotumika upya. Ukijaribu, vaa glavu nzito, fanya hivyo kwenye mpini tu, uoshe sana. Kigae hakina nafasi kwenye bapa linalogusa ugali.

Kisha msasa: namba 80, 120, halafu 240, ukifuata nyuzi. Neno lenyewe limetoka mtini. Msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo mafundi walisugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani. Ukimaliza, lowesha mwiko kwa maji. Nyuzi zitasimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Acha ukauke, sugua tena kwa namba 240. Rudia mara mbili, na maji ya sufuria hayatazisimamisha tena.

Vanishi, mafuta ya kitani ya kupakia samani na rangi ya viatu inayong'arisha sanamu za watalii: miiko mitatu katika sentensi moja. Chukua nta safi ya nyuki sehemu moja, mafuta ya nazi sehemu nne, uyayeyushe ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji moto, upake yakiwa vuguvugu, uache usiku kucha, ufute asubuhi. Rudia mwiko unapopauka. Osha kwa maji na sabuni, ufute, usimamishe. Usiuache umelala ndani ya maji ya sinki, wala usiusahau kwenye sufuria.

Mpe mpishi

Wanafunzi wengi husimama hapa, wanaupiga mwiko picha na kuutundika. Ni kosa la mwisho, na ndilo lililonichelewesha kuliko ufa wa mabati. Mwiko wa kwanza uliopona kwangu nilimpelekea mzee wa mipini nikitarajia sifa. Hakusifu. Aliuliza, "Umesongewa ugali?" Nikasema bado. "Basi bado ni kuni."

Mpe anayepika nyumbani, hata kama mpishi ni wewe. Baada ya mwezi mmoja usimuulize kama ni mzuri. Atasema ndiyo ili usikasirike. Muulize unabana wapi, unachoka wapi, hauwezi kufika kona gani ya sufuria. Mke wangu aliniambia mpini ulikuwa mfupi kwa kidole kimoja, kwa hiyo mvuke ulimchoma, na kwamba bapa lilikuwa na pembe kali zilizokwaruza sufuria. Hayo hayamo katika mwongozo wowote.

Kisha chukua mwiko huo penye mwanga, kama ulivyofanya siku ya kwanza na ule mkongwe. Utaona pembe moja imeanza kulika, kidogo tu, kama ukucha. Fuatisha ulalo huo kwa penseli kwenye ubao wa mwiko wa pili.